Saa ya alamu yenye projekta inayojiseti kwa mawimbi ya redio: nzuri sana ukiitafutia mahali pake

Nianze na jibu kabisa maana najua wengine mnasoma huku kidole kishafika kwenye kitufe cha kununua: hii saa ni nzuri, naipenda, na mtu wangu wa karibu akiniuliza namwambia achukue. Ila kuna kitu kimoja lazima kieleweke kabla hela haijatoka, ubora wake unategemea mahali utakapoiweka kuliko jina la kampuni lililoandikwa mbele. Nikisoma malalamiko ya watu kuhusu saa za aina hii, haishiki saa, inakaa inatafuta tu, mbovu nimeirudisha, naona mengi yanatokana na mahali ilipowekwa au na haraka ya siku ya kwanza. Ndo maana nataka nieleze kwa urefu kidogo, na kampuni sitaji maana ziko nyingi na nyingi zinafanya kazi kwa mtindo uleule.

Kwa asiyeijua, ni saa ndogo ya kuweka kando ya kitanda, ina skrini ya namba na alamu kama zingine, alafu imeongezewa vitu viwili. Kimoja ni kipokezi cha redio kinachosikiliza stesheni maalumu inayotangaza saa sahihi, kwa hiyo wewe huiseti, inajiseti yenyewe. Kingine ni projekta ndogo inayorusha namba za saa kwenye dari au ukutani wakati wa giza. Kwenye boksi wanapigia kelele sana hicho cha kwanza, wameandika "atomiki" kwa herufi kubwa, lakini ukishaizoea utakachokifurahia kila usiku ni projekta, redio inafanya kazi yake kimyakimya na ikienda vizuri unasahau kama ipo.

Na hilo la atomiki tuelewane mapema. Ndani ya saa hamna mtambo wa atomiki wala nini, kuna kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde kama kwenye saa nyingine yoyote ya kawaida, na kikiachwa peke yake kinapotea kama nusu sekunde hivi kwa siku, ndo ile unakuta saa ya ukutani baada ya miezi imeachana na simu yako kwa dakika nzima. Saa za atomiki zenyewe ziko kwenye maabara za taifa na kwenye stesheni zinazorusha mawimbi, zinahesabu mitetemo ya atomu za sesiamu, 9,192,631,770 ndo sekunde moja, kipimo hicho kinatumika tangu 1967. Stesheni inarusha saa hiyo hewani, na hii ya kando ya kitanda inasikiliza, inajirekebisha, inaendelea na kwatzi yake mpaka usiku mwingine. Kwa hiyo usahihi unaazimwa kila siku, na siku ikikosa kuazima haifi, inaendelea tu kama saa ya kawaida mpaka ipate tena.

Stesheni zenyewe si nyingi. Ujerumani wana DCF77 iliyopo Mainflingen karibu na Frankfurt, inarusha kwenye kilohezi 77.5, iko hewani tangu 1959 na tangu 1973 inatuma saa na tarehe kamili. Uingereza wana MSF, zamani ilikuwa Rugby, tangu 2007 iko Anthorn, kilohezi 60. Marekani ni WWVB ya Fort Collins, Colorado, nayo kilohezi 60, tangu 1963. Japani wana minara miwili, mmoja kilohezi 40 na mwingine 60, China wana ya kilohezi 68.5. Sasa sikiliza vizuri hapa kabla hujanunua: MSF na WWVB na ule mnara wa pili wa Japani zote ziko kwenye 60 lakini lugha wanazotumia ni tofauti, saa iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani haitaelewa ya Uingereza hata ikiwa chini ya mnara. Baadhi ya saa zinasoma stesheni kadhaa, nyingi zinasoma moja tu, kwa hiyo tafuta kwenye boksi au kwenye maelezo imeandikwa nini. Yangu ni ya DCF77, na nayoeleza hapa yanatoka huko, ingawa kanuni ni zilezile.

Kinachowashangaza wengi ni jinsi hii kitu ilivyo taratibu. Tumezoea intaneti inayoleta picha nzima kwa kupepesa jicho, huku ujumbe unatumwa herufi moja kwa sekunde, yani kila sekunde mnara unapunguza nguvu kwa muda mfupi, ikipungua kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde ni sifuri, ikipungua kwa sehemu mbili za kumi ni moja, na sekunde ya 59 haipungui kabisa, hiyo ndo saa inajua dakika mpya inaanza. Dakika, saa, tarehe, siku ya wiki, mwezi, mwaka, na kama ni majira ya kiangazi (kile kipindi wanachosogeza saa mbele kwa saa moja) au la, vyote vinapita ndani ya dakika moja hiyo. Na saa nzuri haiamini dakika moja peke yake, inasubiri dakika mbili tatu zinazofuatana zikubaliane ndo inabadilisha namba kwenye skrini. Sasa fikiria katikati ya dakika hiyo kuna chaja ya simu pembeni inatoa kelele ya umeme, sekunde moja tu ikivurugika dakika nzima imeharibika, inaanza upya. Hii ndo sababu ukiwa mahali pazuri inashika ndani ya dakika tatu mpaka kumi hivi, na ukiwa mahali pabaya inatafuta usiku kucha na asubuhi bado kale kaalama ka mnara kwenye skrini, ka kutafuta mawimbi, kanawakawaka.

Kwa hiyo siku ya kwanza fanya hivi. Usichomeke adapta kwanza. Weka betri, ipeleke dirishani, iache. Ukishaweka betri yenyewe itaanza kutafuta, utaona alama ya mnara inawakawaka, na kipindi hicho usiguse kitu chochote, usianze kujaribu vitufe, usianze kuseti alamu, maana kwenye saa nyingi ukibonyeza kitufe chochote utafutaji unakatika na inabaki na saa sita kamili usiku ya mwanzo. Alama ikitulia, ikaacha kuwakawaka, imeshika. Ikipotea kabisa maana yake imekata tamaa kwa muda huo na itajaribu tena baadaye. Kama mlifungua boksi mchana na haijashika, msiirudishe dukani, iacheni ilale hapo dirishani usiku mmoja. Mchana kuna tabaka la chini la anga lenye umeme linalonyonya mawimbi haya marefu, jua likizama linaisha na mawimbi yanafika mbali zaidi, juu ya hapo usiku tivii na kompyuta na taa nyingi za majumbani zimezimwa. Watengenezaji wanalijua hilo ndo maana saa nyingi zimepangwa kujiseti kati ya saa saba na saa kumi na moja usiku. Mi naona hata wangeandika hivyo kwa maandishi makubwa ukurasa wa kwanza wa kitabu cha maelekezo nusu ya malalamiko yangeisha.

Tuje kwenye mahali sasa, na hapa nitakaa maana ndo penyewe.

Antena ya hii saa haionekani, iko ndani, ni kijiti cha feriti kilichozungushiwa waya mwembamba, na kwa kawaida kimelazwa kufuata upande mrefu wa saa. Kijiti hiki kina tabia moja ambayo watu hawaambiwi: kinasikia vizuri mawimbi yanayokuja kutoka ubavuni na hakisikii karibu kabisa yanayokuja kutoka kwenye ncha zake. Maana yake ni kwamba saa ikitazama mnara kwa uso au kwa mgongo inasikia, ikiutazama kwa upande wake wa kulia au wa kushoto, ziliko ncha za kijiti, haisikii. Chukua ramani ya simu, angalia mnara wako uko upande gani, alafu zungusha saa uso au mgongo uelekee huko. Meza ileile, chumba kilekile, ukiizungusha robo tu alama inaweza kutoka kwenye kutafuta usiku kucha hadi kushika mara moja. Hilo ndo la kwanza kujaribu na halikugharimu chochote.

La pili ni kelele. Kwenye kilohezi 77.5 au 60 karibu kila kitu cha kisasa cha umeme kinapiga kelele: chaja za simu, balbu za LED za bei rahisi, tivii, monita ya kompyuta, swichi za kupunguza mwanga wa taa, jiko la induksheni kama ukuta wa jikoni umegusana na chumba cha kulala. Saa hapo inakuwa kama mtu anayejaribu kusikia mnong'ono huku pembeni kuna mashine ya kusaga. Umbali unasaidia sana, mita moja na nusu au mbili kutoka kwenye hivyo vitu tayari unaona tofauti, na tatizo ni kwamba kando ya kitanda ndo watu wengi tunachajia simu. Simu yenyewe haina shida kubwa, shida ni chaja, kwa hiyo ihamishie upande wa pili wa kitanda au soketi ya mbali. Na adapta iliyokuja na saa yenyewe inaweza kuwa mkosaji pia, kwa hiyo ikiwa inashika vizuri kwa betri lakini ukichomeka adapta inapoteza, basi jibu unalo, sogeza adapta mbali na saa kadiri waya unavyoruhusu na usiuviringe ule waya nyuma ya saa.

La tatu ni nyumba. Zege lenye nondo nyingi, bati, vyumba vya chini ya ardhi, kitanda cha chuma chenye ubao mkubwa wa chuma kichwani, vyote vinapunguza. Dirisha lililo upande wa mnara ndo rafiki. Kama chumba chako cha kulala hakishiki kabisa hata kwa kuzungusha, bado kuna njia: ipeleke kwenye chumba kinachoshika, ikijiseti irudishe kitandani ikiwa na betri, itakaa sahihi kwa wiki kadhaa kwa kwatzi yake bila wewe kuona tofauti yoyote, nusu sekunde kwa siku haimcheleweshi mtu kazini. Nasisitiza hili kwa sababu kuna watu wanaona alama ya mnara haipo wanadhani saa inadanganya, hapana, alama inakwambia tu mara ya mwisho ilipojaribu haikupata.

Kuseti ukanda wa saa ni kazi ya dakika moja lakini ukiikosea kila siku utalaumu redio bure. Mnara unatuma saa ya kwao, hautumi ya kwako. DCF77 inatuma saa ya Ulaya ya kati, kwa hiyo ukiwa sehemu ambayo iko mbele kwa saa moja unaiambia saa iongeze moja, unashikilia kitufe cha kuseti mpaka namba ya ukanda ionekane, unapandisha au kushusha. Za WWVB nyingi zinakupa majina ya kanda za Marekani tu, Pasifiki, Mauntini, Sentrali na Isteni, na swichi ya majira ya kiangazi ya kuwasha au kuzima. Dalili ya ukanda uliokosewa ni rahisi kuitambua, dakika ziko sahihi kabisa lakini saa imetofautiana kwa namba nzima, moja au mbili, na ukiirekebisha kwa mkono usiku inajirudisha tena. Sio mbovu, inatii ulichoiambia. Nyingine zimeweka lugha ya siku za wiki karibu na hapohapo, chagua unayoielewa uendelee.

Pale ambapo wanabadilisha saa mara mbili kwa mwaka ndo hii kitu inajilipa yenyewe. Habari ya mabadiliko imo ndani ya ujumbe wa mnara, DCF77 inaanza kutangaza saa nzima kabla, na Jumapili ya mwisho ya Machi au ya Oktoba unaamka saa imeshahama yenyewe. Sharti ni usiku huo iwe imeshika mawimbi, na kama inajiseti mara moja tu kwa usiku inaweza kuchelewa kidogo kuhama, kwa hiyo kama una safari asubuhi hiyo angalia alama ya mnara kabla hujalala.

Haya, projekta.

Ndani ya kale kakichwa kuna taa ya LED, mbele yake kuna kiskrini kidogo kinachopitisha mwanga kwenye namba tu, alafu lenzi inayokuza. Unaelekeza juu, unazungusha kigurudumu cha fokasi mpaka kingo za namba zikaze, basi. Inafanya vizuri dari ikiwa kama mita moja mpaka tatu kutoka kwenye saa, ukiwa mbali zaidi namba zinakuwa kubwa lakini zinafifia, na hakikisha unafokasi gizani kabisa maana ukiwa na taa hata ndogo utadhani imekaa sawa kumbe bado. Dari nyeupe isiyong'aa ndo bora, ya mbao nyeusi inameza mwanga, ya rangi ya kung'aa inatoa kivuli cha pili. Ukirusha kwa kuinamisha sana, mfano kutoka mezani kwenda ukuta wa mbele, namba zinanyooka upande mmoja kuliko mwingine, zinasomeka lakini hazipendezi, kwa hiyo jaribu kuiweka karibu na chini ya pale unapotaka zionekane. Namba zikiwa kichwa chini usigeuze saa nzima, tafuta kitufe cha kugeuza picha, mara nyingi ni kulekule kwenye kitufe cha projekta ukikishikilia.

Sasa niseme kwa nini naipenda hivi. Mimi bila miwani sioni mbali, saa ya mezani ya kawaida usiku ni doa tu la mwanga, inabidi nipapase miwani au nichukue simu, na ukishachukua simu saa tisa usiku umekwisha, umeona meseji, umeona habari, mwanga wote huo mweupe usoni, usingizi umeondoka. Hizi namba za darini ni kubwa kiasi kwamba nazisoma bila miwani, nikiwa nimelala chali, sigeuki, sinyooshi mkono, nafumbua jicho nafumba. Kwa mwenye macho kama yangu, au mzee, au mama anayenyonyesha usiku ambaye mikono yote ina mtoto, au mgonjwa aliyeambiwa asigeukegeuke, hii kitu ni msaada wa kweli na sijui kwa nini watu wanaiona kama pambo.

Chukua yenye namba nyekundu kama unaweza kuchagua. Macho yetu gizani hayasumbuliwi sana na nyekundu, wakati sehemu ya jicho inayoiambia akili kumekucha inaamshwa zaidi na mwanga wa bluu, kwa hiyo zile za bluu zinazong'aa zinavutia dukani lakini chumbani zinachosha, zinaangaza chumba chote. Hata nyekundu mwenzio wa kitandani anaweza asiipende, ongeeni, na kama haipendi elekeza upande wako wa dari au tumia ule mtindo wa kubonyeza: kwa betri peke yake projekta haiwaki muda wote, ukigusa kitufe kikubwa cha juu inawaka sekunde chache inazima. Ikiwa unataka iwake usiku kucha lazima adapta iwe imechomekwa, na kwenye nyingi kuna swichi ndogo nyuma au chini ya kuchagua iwake muda wote au kwa kubonyeza tu, watu wengi hawaioni wanadhani projekta imekufa. Na mchana usitegemee kuona chochote, huo mwanga ni wa giza.

Alamu ni ya kawaida na ni sawa. Inaanza polepole, pi, pi, alafu inaongeza kasi na kelele kadiri unavyochelewa, kitufe cha snuzi, cha kuiahirisha kidogo, ni kikubwa juu kabisa hata mtu wa usingizi mzito anakipata kwa kofi. Yangu ina alamu mbili, moja naiweka siku za kazi. Kama unatumia mfumo wa saa kumi na mbili wenye AM na PM angalia sana ile herufi ndogo pembeni ya alamu, maana saa kumi na mbili jioni na asubuhi kwenye skrini ni namba zilezile, mi nashauri uweke mfumo wa saa 24 hiyo habari iishe kabisa. Na alamu haitegemei mawimbi, italia tu hata kama mnara haujapatikana.

Betri usizipuuze kwa sababu ati unatumia adapta. Umeme ukikatika betri ndo zinazotunza saa na alamu, bila hizo umeme ukirudi inaanza na sifuri na kutafuta upya, na kama ni asubuhi hujaamshwa. Weka alkalaini mpya, za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5 na kwenye saa hizi skrini inafifia mapema na upokeaji unakuwa dhaifu. Zibadilishe kabla hazijavuja maana zikivuja zinakula vile vibati vya ndani.

Yasiyonifurahisha yapo. Waya wa adapta ni mfupi, na kwenye kitu ambacho mahali ndo kila kitu hilo ni kosa la wazi la watengenezaji. Vitufe ni vichache na kila kimoja kina kazi mbili tatu, kubonyeza ni hiki, kushikilia ni kile, na vimewekwa nyuma ambapo huvioni. Kitabu cha maelekezo kina maandishi ya kusoma kwa lenzi na lugha nyingi zimebanwa pamoja. Kichwa cha projekta kinainuka na kushuka tu, hakizunguki kulia na kushoto, kwa hiyo wakati mwingine mwelekeo unaoipendeza antena sio unaoipendeza projekta, na hapo inabidi uchague. Mi huchagua projekta, alafu naangalia kama antena inaridhika, maana redio inahitaji bahati ya usiku mmoja tu kwa wiki na bado iko sahihi, projekta nahitaji kila usiku. Zipo zenye kichwa kinachozunguka, ukikuta hiyo ongeza hela kidogo.

Zile zinazokuja na kipimo cha joto cha nje, kile kidude cheupe cha kuning'iniza kivulini, weka betri za kidude kwanza ndo za saa, vyote vikiwa karibu, visikilizane, ndo utoke nacho nje. Projekta nyingine zinarusha na joto la nje kwa zamu na saa, wengine wanapenda, mi nimeizima kwa sababu nikifumbua jicho nataka saa peke yake, sitaki kusubiri zamu.

Mwisho kwa walio mbali. Minara ya aina hii niliyoitaja yote iko kaskazini mwa ikweta, na DCF77 inahesabika kufika kama kilomita 2,000 kwa uhakika. Ukiwa nje ya hapo usinunue kwa sababu ya redio, na ukiipewa kama zawadi zima kabisa upokeaji kama ina hiyo seting, iseti kwa mkono, utabaki na saa ya kwatzi yenye projekta nzuri, ambayo bado ni kitu kizuri. Ya Marekani yenye kanda zao tu ni mtihani zaidi, maana kama upokeaji hauzimiki na usiku mmoja ikabahatisha mawimbi itajirudisha kwenye saa za huko. Kuna pia programu za simu zinazoigiza mnara: spika ya simu inapiga sauti nyembamba sana ya kilohezi 15.5, na mara tano yake ni 77.5, au 20 ambayo mara tatu yake ni 60, umeme unaopita kwenye koili ya spika unavuja mawimbi dhaifu kabisa na saa ikiwekwa imegusana na simu inayapokea kama ya mnara. Inafanya kazi, inahitaji sauti iwe juu kabisa na simu isogezwesogezwe mpaka upate sehemu antena ilipo, na humo kwenye programu unachagua ukanda wako mwenyewe, kwa hiyo hata ile yenye kanda za kigeni inadanganyika ikaonyesha saa ya kwako. Zipo pia projekta zinazochukua saa kwa waifai, kwa mtu wa mbali hizo ni sahihi zaidi, ila zinataka nywila na programu na akaunti, na hii ya redio haitaki kujua wewe ni nani, inapokea tu, haitumi kitu kwa mtu yeyote. Kama uko ndani ya eneo la mnara chukua ya redio, kama hauko chukua ya waifai, na kwa zote mbili kagua kwanza urefu wa waya na kama kichwa kinazunguka.